Mgonjwa Wako Akiwa Katika Chumba cha Mahututi



Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hukutana nalo ghafla, bila kuandaliwa. Mtu wako amezidiwa. Zahanati imempeleka hospitali ya wilaya. Hospitali ya wilaya imempeleka hospitali ya rufaa. Huko amelazwa juu ya kitanda chenye magurudumu, akasukumwa hadi mlango fulani, na mlango umefungwa. Wewe umebaki nje umeshika kanga yake na viatu vyake.

Je, ndani ya chumba kile kuna nini? Na wewe uliyebaki nje ufanye nini?

Nitaeleza kwa habari ya ndugu mmoja, mvuvi wa Ukerewe. Jina lake tuliache. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwa siku mbili alilalamika kuumwa kichwa sana. Akasema anaona ukungu machoni. Uso na mikono vilikuwa vimevimba. Alfajiri ya siku ya tatu mwili wote ulikakamaa, ukaanza kutetemeka, akang'ata ulimi, akapoteza fahamu. Jirani mmoja alisema ni mapepo, atafutwe mtaalamu wa kuyatoa. Mhudumu wa afya wa kijiji akasema hapana, hiki ni kifafa cha mimba, tafuteni usafiri sasa hivi.

Mhudumu yule alisema kweli. Kifafa cha mimba huja pamoja na kupanda kwa shinikizo la damu wakati wa ujauzito, au hata siku chache baada ya kujifungua. Si uchawi, wala si kile kifafa cha kawaida. Hospitali ya wilaya walimchoma mama yule sindano ya kuzuia degedege. Kisha akavushwa ziwa mpaka Mwanza. Huko alipasuliwa, mtoto akatolewa akiwa hai. Lakini mama hakuamka. Akapelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, naye mume akaonyeshwa benchi.

Alikaa karibu na benchi lile siku 11.

Chumba kile ni cha kazi gani?

Watu wengi husema, "Ukiona mtu ameingizwa mahututi, basi andaeni sanda." Maneno hayo yanaumiza, na tena si ya kweli. Chumba cha mahututi ni cha watu ambao hali yao ni mbaya lakini waganga wanaona bado kuna njia ya kuwasaidia. Katika wodi ya kawaida muuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi. Katika chumba hiki muuguzi mmoja hutazama wagonjwa wachache tu, usiku na mchana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Mashine ni wasaidizi wa muuguzi.

Chumba cha namna hii hakikuwapo zamani. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipatwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi walipooza hata misuli ya kupumulia. Hospitali haikuwa na mashine za kutosha, na watu walikuwa wanakufa kila siku. Daktari mmoja, Bjørn Ibsen, akashauri wagonjwa watobolewe tundu dogo shingoni, watiwe mpira kwenye koo la hewa, na hewa isukumwe kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Nani angeminya mfuko mchana na usiku? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, karibu 1,500, wakapokezana zamu kwa miezi kadhaa. Mwanafunzi alikaa kando ya kitanda, akaminya na kuachia, akaminya na kuachia. Vifo vilipungua sana. Kutokana na kazi ile wazo likapatikana: wagonjwa wa namna hii wakusanywe mahali pamoja na watazamwe kila dakika. Leo mashine hufanya kazi ile ya mikono ya wanafunzi.

Kwa hiyo ukiiona mashine inavuma kando ya mtu wako, ijue kuwa ni mkono unaominya mfuko.

Utaona nini siku ya kwanza?

Utashtuka. Mvuvi wetu anasema magoti yalimlegea. Ni afadhali ujue mapema.

Utaona mpira umeingia kinywani mwa mgonjwa mpaka kwenye njia ya hewa. Mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti. Ndiyo sababu hawezi kusema hata kama ameamka. Hajawa bubu. Mpira ukitolewa, sauti hurudi, ingawa kwa siku chache itakuwa ya kukwaruza.

Utaona mpira mwembamba puani unaokwenda tumboni. Huo ni wa chakula na dawa. Mwingine hutoa mkojo na kuupeleka katika mfuko uliotundikwa chini ya kitanda. Waganga hupima mkojo huo ili wajue kama figo zinafanya kazi. Kwenye mishipa ya mikono au shingo kuna dripu. Kidoleni kuna kibanio chenye taa nyekundu. Hicho hakimchomi. Hupima kiasi cha oksijeni ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya huonyesha 95 mpaka 100 katika 100.

Mashine zitalia. Wakati mwingine hulia kwa sababu mgonjwa anahitaji msaada. Mara nyingi hulia kwa sababu waya umelegea au mgonjwa amejigeuza. Usikimbie ukipiga kelele. Mtazame muuguzi. Kama yeye hajashtuka, nawe tulia. Kuna watu hukaa wakihesabu namba za kwenye kioo badala ya kumtazama mgonjwa wao, na kila namba ikishuka roho zao hushuka nayo. Namba hupanda na kushuka siku nzima. Waachie wenye kazi hiyo.

Huenda ukakuta mikono yake imefungwa kwa kitambaa laini. Ndugu wengine hukasirika sana wakiona hivyo. Sababu ni kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa huweza kuung'oa mpira wa hewa, na akiung'oa anaweza kufa. Muulize muuguzi akueleze, naye atakueleza.

Oksijeni haiui

Hapa nataka tukae kidogo, maana jambo hili limewapoteza watu.

Siku ya pili ndugu za mke walifika kutoka kisiwani. Kaka mkubwa alipoona mashine alitoka nje akamwambia mvuvi, "Shemeji, nani alikubali hili? Hukusikia kwamba kila anayewekewa oksijeni hafiki mbali? Tumtoe. Kuna mzee kule nyumbani anatibu kifafa kwa mizizi."

Mvuvi alikuwa hajalala usiku mbili. Alikaribia kukubali. Alikwenda kwa muuguzi akasema, "Sista, ndugu zake wanataka tumchukue."

Muuguzi hakumfokea. Alimwuliza, "Baba, umewahi kuona nyumba inaungua?"

"Nimeona."

"Watu walikuja na nini?"

"Na ndoo za maji."

"Na nyumba nyingine iliungua ikaisha, ingawa ndoo zilikuja?"

"Ndiyo."

"Basi mtu anayeona ndoo kwenye kila nyumba iliyoungua, akisema ndoo ndizo zinaleta moto, utamwambiaje?"

Mvuvi alinyamaza. Kisha akaenda kumwita shemeji yake aje asikie mwenyewe.

Ndivyo ilivyo, ndugu msomaji. Oksijeni hupewa mtu ambaye mapafu au moyo umeshindwa kazi. Wengi wa watu hao ni wagonjwa sana, na baadhi yao hufa. Hufa kwa ugonjwa. Oksijeni ilikuwa inawapigania. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika katika dakika chache. Hakuna gari wala boti inayoweza kumfikisha mgonjwa wa mashine nyumbani katika dakika hizo.

Kuhusu mizizi nayo: usimpe mgonjwa dawa yoyote kwa siri. Mtu aliyepoteza fahamu hawezi kumeza. Ukimtilia kinywani dawa, uji, au hata maji ya kuombewa, yataingia mapafuni na kumletea ugonjwa mwingine wa kifua. Kama imani yako inataka maji hayo, mwambie muuguzi. Mnaweza kumpangusa nayo mkononi. Sijaona muuguzi anayekataza sala. Anachokataza ni kitu kupita kooni.

Unaweza kumfanyia nini?

Watu hudhani hawana kazi. Unayo.

Kwanza nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kabla ya kuingia, na unapotoka. Mwili wa mgonjwa huyu umechoka kupigana. Vijidudu visivyokudhuru wewe vinaweza kumwua yeye. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiingie. Mtume mwingine. Watoto wadogo waulizie kwanza.

Ukifika kitandani, mguse mkono, umwite kwa jina ulilozoea kumwitia. Sema naye. Waliopona husimulia maneno waliyoyasikia wakiwa wamelala hivyo, ingawa ndugu zao walidhani hawasikii. Kwa hiyo usilie juu ya kichwa chake, wala usijadili kando ya kitanda bei ya jeneza au nani atachukua shamba. Nimeshuhudia jambo hilo kwa macho yangu, katika hospitali moja, wakati nikimwuguza mama yangu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anatoka machozi huku wanawe wakigombania ng'ombe. Mwambie habari za nyumbani: mvua imenyesha, mbuzi amezaa, jirani anakusalimu. Mvuvi wetu alimwambia mke wake kila siku uzito wa mtoto, maana mtoto alikuwa katika wodi ya vichanga na wauguzi walikuwa wakimpima.

Baada ya siku kadhaa mgonjwa huweza kuamka akiwa amechanganyikiwa. Atasema anaona wadudu ukutani. Atakuita jina la mtu aliyekufa zamani. Atakutukana. Usidhani ana wazimu au pepo. Ni ubongo uliochoshwa na ugonjwa, dawa, na kukosa usingizi mzuri. Kwa wengi huisha polepole. Usibishane naye. Mwambie kwa upole, "Mimi ni fulani. Hapa ni hospitali, Mwanza. Leo ni Jumatano, ni asubuhi." Kama huvaa miwani, mletee.

Jambo jingine ni damu. Huenda ukaambiwa ndugu wajitolee. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kutoa chupa moja bila kudhurika, kwa kuwa mwilini ana lita kama 5. Atapimwa kwanza. Damu yako huenda isiende kwa mgonjwa wako mwenyewe kama makundi hayafanani, lakini itaingia katika akiba ambayo naye huchukua humo. Damu haiuzwi. Mtu akikufuata kwenye benchi akasema, "Nipe kitu kidogo nikupatie damu, au nikupatie kitanda," huyo ni mwizi anayeitafuta siku yako mbaya. Lipa kwa mhasibu wa hospitali tu, na udai stakabadhi. Na kama fedha zimekwisha, usijifiche. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo hospitalini. Kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza watu walioshindwa kulipa. Nenda mapema, kabla deni halijawa mlima.

Daftari la mvuvi

Mvuvi alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima kwa miaka miwili. Alijua kuandika, ingawa polepole. Siku ya tatu alinunua daftari na kalamu. Alichoka kuambiwa mambo na kuyasahau mara tu anapotoka mlangoni. Hilo huwapata watu wote. Mtu mwenye hofu husikia neno moja na kuacha kumi.

Ukurasa mmoja aliandika maswali kabla ya daktari kupita. Jioni aliandika majibu. Maswali yake yalikuwa mafupi: Leo ni afadhali kuliko jana, au vibaya zaidi? Mnaogopa nini zaidi? Kesho mtafanya nini? Alipokutana na neno la kitaalamu alisema, "Daktari, naomba uniambie kwa Kiswahili cha kijijini." Daktari alicheka, lakini alieleza. Ni haki yako kuelezwa. Usione haya kuuliza mara mbili.

Tena walichagua mtu mmoja wa kusema na madaktari, yaani mvuvi mwenyewe, na mmoja wa kupeleka habari nyumbani kwa simu, yaani shemeji yule aliyetaka kumtoa mgonjwa. Kabla ya hapo kila ndugu alipiga simu kivyake, na kijijini zilifika habari tatu: amepona, amekatwa mguu, amekufa. Mama mzazi alianguka kwa habari ile ya tatu.

Na watoto nyumbani? Walikuwa wawili, wa miaka 9 na 6. Shangazi alitaka waambiwe mama amekwenda safari. Mvuvi alikataa. Aliongea nao kwa simu akasema, "Mama ni mgonjwa sana. Yuko hospitalini. Madaktari wanamhudumia, na mimi niko karibu naye. Nikijua jambo jipya nitawaambia." Mtoto anayeona watu wazima wanalia na kuambiwa hakuna kitu, hujitungia jambo baya zaidi, na pengine hudhani yeye ndiye aliyelisababisha.

Wewe nawe una mwili

Siku nne za kwanza mvuvi alikunywa chai tu. Alilala sakafuni bila chandarua. Siku ya tano alikuwa na homa, akapimwa, akakutwa na malaria. Hapo wagonjwa wakawa wawili.

Pangeni zamu. Mmoja akae, mwingine alale. Kuleni chakula kamili, nunueni maji safi au yachemsheni, lalieni chandarua. Kama unatumia dawa zako za kila siku, za presha au za sukari, usiziache. Baadhi ya hospitali kubwa zina mahali pa ndugu wa wagonjwa kupumzikia. Uliza palipo. Hujamwacha mtu wako kwa kulala saa sita. Ana muuguzi kando yake.

Kijijini nako kuna kazi. Majirani walimlimia mvuvi shamba la mihogo na kuzitunza nyavu zake. Kama jirani yako ana mgonjwa mahututi, usimpigie simu mara kumi kuuliza "anaendeleaje?" Mlishie kuku wake. Mtumie shilingi kidogo za chakula.

Kama hali haiendi vizuri

Lazima tuseme na hili. Si kila anayeingia hutoka. Pengine daktari atawaita kando, mkae, awaambie kwamba dawa na mashine havimsaidii tena. Mwulizeni wazi: Je, anaumia? Mtafanya nini asiumie? Tunaweza kukaa naye? Daktari akisema haongezi matibabu mengine, hajasema anamtupa. Maumivu yatatulizwa, atageuzwa, atasafishwa, kinywa chake kitalowanishwa. Mwiteni shehe au padri au mchungaji wake. Kila mmoja aseme alilo nalo. Kuna watu wanaobaki na neno moshoni miaka mingi kwa sababu waliogopa kulisema siku ile.

Wala msitafute wa kumlaumu kati yenu. Kaka alimlaumu mvuvi kwa kuchelewa siku mbili. Mvuvi mwenyewe alijilaumu zaidi. Alikuwa hajui kwamba kichwa kikali, ukungu wa macho na uvimbe wa uso kwa mama mjamzito ni dalili za hatari. Sasa anajua, na wewe umesoma hapa.

Mke wa mvuvi alifumbua macho siku ya saba. Siku ya tisa mpira ulitolewa, naye akaomba maji. Siku ya kumi na moja alihamishiwa wodi ya kawaida, akamshika mtoto wake kwa mara ya kwanza.

Hakurudi nyumbani akiwa mzima mara moja. Mtu akilala hivyo siku nyingi misuli hupungua. Alitembea kwa kushikwa mkono karibu mwezi mzima. Nywele zilinyonyoka. Usiku aliota ndoto za kutisha, akawa anaogopa giza. Watu walisema amekuwa mvivu, amedeka. Si kweli. Mambo hayo huwapata wengi waliotoka mahututi, na huchukua miezi. Ampe muda yule anayekaa naye, na tarehe za kliniki zisikosekane, kwa sababu presha lazima iendelee kupimwa. Akishika mimba nyingine aseme mapema kliniki kwamba aliwahi kupata kifafa cha mimba.

Jambo lililomsumbua zaidi ni kwamba hakumbuki chochote. Tangu alfajiri ile ya kisiwani mpaka siku ya maji, kwake ni giza. Mvuvi akatoa daftari. Akamsomea ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole, jinsi alivyofundishwa darasani: siku ya kwanza, siku ya pili, nani alikuja, sista alisema nini, mtoto alikuwa na uzito gani. Alipofika mwisho mke wake alimwambia arudie ule ukurasa wa siku ya saba.